Ushabiki wa BL na Fundisho la Stara

Jambo la kwanza nililofundishwa huko Japani kuhusu BL (kifupi cha boys' love), yaani vitabu vya mapenzi ya wanaume kwa wanaume, halikuwa namna ya kuvisoma, bali namna ya kuvibeba. Nilikuwa mwanafunzi Tokyo, na rafiki yangu mmoja wa maabara alinichukua siku ya Jumamosi hadi Ikebukuro, kwenye barabara iliyo karibu na jengo la Sunshine 60 ambayo mashabiki huiita Otome Road, yaani Barabara ya Wanawali. Nilichagua vitabu vitatu, nikavipeleka kwa keshia, naye akaniuliza kwa sauti ya chini kama nilitaka vifunikwe. Sikuelewa vizuri, nikaitikia tu. Akatoa karatasi nene, akaikunja juu na chini hadi ikalingana na kimo cha kitabu, akaingiza jalada ndani ya mikunjo, akafanya hivyo mara tatu bila haraka, kisha akavitia vyote katika mfuko usioonyesha kilichomo. Katika treni ya kurudi nilisoma nikiwa nimebanwa kati ya watu wawili, na hakuna aliyeweza kujua kama nimeshika hadithi ya upelelezi au BL.

Vitabu vya kila aina hufunikwa hivyo Japani, lakini kwa mashabiki wa BL karatasi ile ni zaidi ya kulinda jalada. Sisi watu wa pwani tuna neno lake, nalo ni stara. Ninaandika haya kwa watu wazima wanaoanza kuzipenda manga hizi, hasa waliopata nafasi ya kwenda Japani kwa masomo au kazi, kwa sababu huniuliza waanze na kitabu gani, ilhali swali lililonigharimu mimi lilikuwa jingine: mtu akishapenda, akae vipi na wenzake waliopenda kabla yake?

Niondoe kwanza utata wa neno. Manga ya Kijapani, yaani hadithi za katuni, haihusiani na Manga ya Uarabuni wala pilipili manga. Mama yangu aliponisikia kwenye simu nikisema nimenunua manga kumi, alidhani nimeingia biashara ya viungo. BL ni tawi la katuni hizo linalosimulia mapenzi ya wanaume wawili, na kinachowashangaza wengi ni kwamba waandishi na wasomaji wake wengi ni wanawake. Mizizi yake imo katika manga za wasichana za miaka ya 1970, kwa wachoraji kama Hagio Moto na Takemiya Keiko, na haikuota kirahisi: Takemiya alikaa na wazo la Kaze to Ki no Uta kwa miaka kadhaa kabla halijaanza kuchapwa gazetini mwaka 1976. Mwaka 1978 likaanzishwa gazeti la June kwa ajili ya hadithi za namna hiyo. Wakati huohuo mashabiki walikuwa wakichapa vijitabu vyao wenyewe, navyo wakavibeza kwa jina la yaoi, kifupi cha maneno yanayosema kwamba hadithi haina kilele, haina hitimisho, wala haina maana. Baadaye wasomaji wa kike wakajiita fujoshi, kwa kubadili herufi moja ya neno la kawaida la wanawake na kuweka nyingine inayotamkwa vilevile, ambayo maana yake ni kuoza. Mtu aliyekwisha kujiita ameoza huna tena tusi la kumtia.

Istilahi ndizo zitakazokusumbua mapema, na Mswahili ana mtego wake mwenyewe humo. Katika hadithi nyingi mmoja wa wapenzi huitwa seme, kutoka kwenye kitenzi cha kushambulia, na mwenzake huitwa uke, kutoka kwenye kitenzi cha kupokea. Seme haina shida, hata unaweza kuikumbuka kwa kufikiria sime ya Mmasai. Lakini hilo neno la pili silo letu, na msomaji akiliruhusu limpeleke kwenye maana yake ya Kiswahili, atamsoma mhusika yule kama mwanamke aliyevishwa suruali, jambo ambalo waandishi wazuri wamelikwepa kwa makusudi. Mimi nilisaidiwa zaidi na sarufi yetu: katika Kiswahili cha kawaida mwanamume huoa na mwanamke huolewa, kwa hiyo tunajua tangu utotoni kwamba tendo moja laweza kugawa watu wawili kwa kiambishi kimoja. Wajapani hufanya hivyo kwa mpangilio wa majina. Jina la kushoto ni la seme, la kulia ni la uke, na katikati huwekwa alama ya kuzidisha.

Usidharau mpangilio huo. Siku moja, nikiwa na wasichana wanne katika mkahawa, nilitaja wahusika wawili wa manga ya michezo tuliyokuwa tukiipenda sote, nikayataja majina kwa jinsi yalivyonijia mdomoni. Meza ilinyamaza. Mmoja akanywa chai yake hadi ikaisha kabla ya kuniuliza, kwa upole mkubwa, kama kweli nilikuwa naamini hivyo. Kumbe nilikuwa nimegeuza kushoto kuwa kulia, na kwa shabiki wa mpangilio mmoja, mpangilio wa kinyume huweza kuwa jambo asilotaka hata kuliona; wao huliita bomu la ardhini. Ushauri wangu ni kwamba usitangaze upendavyo kabla hujasikia mwenzako apendavyo, na ukigundua mmetofautiana, badili mazungumzo bila kumhukumu. Hilo linawezekana, na urafiki ukabaki.

Kosa langu kubwa, hata hivyo, lilihusu dojinshi, yaani vijitabu ambavyo mashabiki huchora na kuchapa kwa gharama zao. Soko lake kubwa ni Comiket, lililoanza Desemba 1975 likiwa na vikundi 32 na watu wapatao 700, na ambalo sasa hufanyika Agosti na Desemba katika kumbi za Tokyo Big Sight na kujaza watu hadi unasahau kwamba una miguu. Nenda na maji, na nenda na sarafu za yeni 500 na noti za 1,000, kwa maana kumpa mchoraji noti ya yeni 10,000 saa nne asubuhi ni kumtia taabuni. Beba kitambulisho pia, kwa kuwa vijitabu vya watu wazima haviuzwi kwa aliye chini ya miaka 18. Mimi nilifanya hayo yote vizuri. Kisha nikarudi chumbani, nikapiga picha kurasa mbili zilizonigusa, nikaziweka mtandaoni pamoja na jina la mchoraji na sifa tele, nikidhani namsaidia kujulikana.

Asubuhi nikakuta ujumbe wake. Alinishukuru kwa kununua, akaniomba radhi kwa usumbufu, kisha akaniomba niondoe picha zile. Niliziondoa palepale, lakini siku mbili baadaye alikuwa amefunga ukurasa wake, na mimi sikuwa miongoni mwa walioruhusiwa kuingia. Rafiki yangu wa maabara alikichukua kijitabu, akafungua ukurasa wa mwisho, akaniwekea kidole kwenye mistari midogo ambayo sikuwa nimejishughulisha kuisoma: tafadhali usiweke kurasa hizi mtandaoni, usikiuze kijitabu hiki kwenye minada ya intaneti. Wachoraji hawa hutumia wahusika wa kazi za watu wengine, na wenye kazi mara nyingi huwaacha ilimradi mambo yasipigiwe tarumbeta. Isitoshe, wengi hawataki waajiri wala wazazi wao wajue. Ndiyo maana hata mtandaoni mashabiki huyakatakata majina ya wahusika kwa alama, ili anayetafuta katuni ya kawaida asiangukie yasiyomhusu. Kwa hiyo soma ukurasa wa mwisho kwanza. Kijapani chako kikiwa kichanga, jifunze japo maneno ya katazo, kwa sababu vitabu vingi vya BL havina zile herufi ndogo za kuonyesha matamshi ambazo manga za watoto huwa nazo.

Sasa nigusie upande ambao mashabiki wenzangu hawapendi niuguse. Stara yetu ni ya hiari: tunafunika kitabu, tunashuka kwenye treni, maisha yanaendelea. Kwa wanaume wanaopenda wanaume kweli, huko Japani na hata zaidi kwetu, kujificha si adabu ya starehe. Mwaka 1992 mwanaharakati shoga aitwaye Satō Masaki aliandika katika kijarida cha wanawake akiwashutumu mashabiki kwamba wanawageuza watu kama yeye kuwa vitu vya kuchezea, na mjadala uliofuata uliendelea kwa miaka. Mimi nadhani alikuwa na haki kwa sehemu kubwa kuliko tunavyokubali. Ukitaka kuupima ushabiki wako, soma Kinō Nani Tabeta? ya Yoshinaga Fumi, iliyoanza mwaka 2007 katika gazeti la manga za wanaume watu wazima na ambayo kwa sababu hiyo huikuti kwenye rafu ya BL. Wakili mmoja anaishi na mpenzi wake msusi, anahesabu bei ya mboga dukani, anapika chakula cha jioni, na kazini hathubutu kusema anampikia nani. Hakuna seme anayembana mtu ukutani. Nilipoimaliza juzuu ya kwanza nilirudi kwenye vitabu vyangu vya zamani nikaona ni vingapi vinachukulia kulazimishwa kuwa ni mapenzi, na vinne kati ya hivyo sikuvihifadhi tena.

Kuhusu kurudi navyo nyumbani, niseme wazi. Tanzania na Kenya zina sheria zinazokataza kuingiza machapisho ya ngono, na mahusiano yenyewe ni kosa la jinai katika nchi hizo, kwa hiyo usilichukulie sanduku lako kama kabati la chumbani. Vitabu vya watu wazima niliviuza Tokyo, kwenye maduka ya vitabu vilivyotumika, ambako kitabu chenye ule ukanda wake wa karatasi wa tangazo hupata bei nzuri zaidi kuliko kilichoupoteza, usiutupe. Nilichobaki nacho ni hadithi za kupendana na kupika na kugombana, ambazo ningeweza kumwonyesha ofisa wa forodha bila kutetemeka. Wapo wanaosoma nakala za wizi zilizotafsiriwa mtandaoni, na siwezi kujifanya sijawahi, ila tangu ujumbe wa yule mchoraji hununua toleo la kidijitali kila linapopatikana.

Karatasi tatu za yule keshia wa Ikebukuro bado ninazo. Zimelegea kwenye mikunjo na moja ina doa la chai, lakini zinavifunika vitabu vipya bila shida, kwa kuwa kimo chao ni kilekile. Mtu akiazima kitabu kwangu humpa pamoja na karatasi yake, na akikirudisha, naiangalia karatasi kabla ya kumuuliza kama hadithi ilimpendeza.