Dawa ya Tembo Unayoitafuta Iko Kwenye Kikao cha Kitongoji

Wiki iliyopita nimepata ujumbe wa dada mmoja wa Mbagala, Dar es Salaam. Amenunua ekari kumi huku kwetu Tunduru, mbili kati ya hizo amepanda tikiti bondeni karibu na maji, na shamba analilea kwa simu. Kijana wake amempigia usiku wa manane kumwambia tembo wamepita. "Kaka shikamoo," ameandika, "nasikia mwaka huu ninyi mmevuna. Naomba jina la dawa ya tembo mnayotumia, nitume hela kesho inunuliwe."

Nilimjibu kwa kifupi, akaona namficha. Basi nalileta hapa, kwa sababu wanaouliza swali hilo ni wengi, na wote mnafanana: mmekaa na kalamu, mkazidisha miche kwa ekari, mkazidisha tena kwa bei ya tikiti sokoni Temeke Stereo, mkapata mamilioni. Simcheki mtu. Hesabu ya namna hiyo ndiyo iliyonitoa mimi Dar es Salaam. Ila haina mstari wa tembo.

Na ndiyo, tumevuna. Ufuta wangu umeshapimwa ghalani kwa AMCOS, chama chetu cha ushirika wa wakulima, mpunga uko ndani, na majirani zangu pia wana chakula. Nalisema kwa sauti kwa sababu najua wapo wanaosoma hapa ambao kwenye kikao cha kitongoji waliniita mtoto wa mjini, wakasema nimekuja kuwafundisha watu tembo niliowaona kwenye televisheni. Someni vizuri.

Shamba aliloacha marehemu baba liko upande ambao tembo wanapita. Naomba hili lieleweke: hawajapotea njia. Ukanda huu unaunganisha pori la Selous, ambalo sehemu yake kubwa tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na pori la Niassa upande wa Msumbiji. Wanashuka kupitia Namtumbo na Tunduru, wanavuka Mto Ruvuma, wanarudi. Wamefanya hivyo kabla ya kuwepo wilaya. Sisi tuliozaliwa baadaye tulikuta wamechinjwa. Ujangili wa miaka ya themanini ulikuwa mbaya hadi serikali ikaendesha Operesheni Uhai mwaka 1989. Wakaongezeka, kisha wakachinjwa tena. Mwaka 2009 nchi nzima ilihesabiwa kuwa na tembo kama 109,000, na sensa ya mwaka 2014 ikakuta takribani 43,000. Selous ni miongoni mwa sehemu zilizoumia sana. Ujangili ulipobanwa wakaanza kurudi kwenye njia zao, wakati sisi tumeshafungua mashamba mapya juu ya njia hizohizo. Na wazee waliojua kuamia tembo usiku, yaani kulinda shamba wasiingie, walikuwa wamekufa au wamechoka. Vijana tulijua kuamia ndege tu.

Msimu wangu wa kwanza nililima mahindi na mpunga. Nikajenga dungu zuri, kile kibanda cha juu cha kulindia shamba, nikanunua tochi kubwa, nikajiona niko tayari. Mahindi yalipoanza kukauka ndevu, wakaja madume watatu. Kwa kawaida ni madume ndiyo yanayothubutu, na ni usiku, na huja pale zao linapokaribia kuiva, kana kwamba wana kalenda ya afisa ugani. Nikawamulika, nikapiga debe kwa nguvu zangu zote. Wakasimama, wakatega masikio, kisha wakageuka polepole wakaingia kwa jirani. Nikashangilia peke yangu juu ya dungu. Baadaye jirani naye akaamka, akapiga debe lake, wakarudi kwangu. Nikapiga, wakaenda kwake. Akapiga, wakaja kwangu. Tulifanya hivyo mpaka adhana ya alfajiri, mimi na jirani yangu, tukifukuziana tembo kama watoto wanaorushiana mpira. Kulipokucha wote wawili hatukuwa na shamba. Tukakutana mpakani, hakuna aliyemsalimia mwenzake.

Kila ninalowaambia leo limetoka usiku ule, lakini ilichukua muda watu wakubali.

Kwanza nilikwenda kudai. Mkumbuke, kisheria hapa kwetu hakuna fidia ya tembo, kuna kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyeumia au kufiwa. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi 25,000 kwa ekari kama shamba liko kati ya nusu kilomita na kilomita moja kutoka mpaka wa hifadhi, zikapanda hadi 100,000 kwa ekari kama liko mbali zaidi ya kilomita tano. Mwisho ekari tano. Aliyelima ndani ya mita 500 hakupata kitu. Aliyeuawa, familia yake ilipewa shilingi milioni moja. Viwango vimeguswa baadaye, kwa hiyo ulizia halmashauri vya sasa, lakini msitegemee kupona kwa hela hiyo. Toa taarifa siku hiyohiyo kwa mtendaji wa kijiji, tathmini ifanyike kabla shamba halijaguswa. Mimi nilifanya yote hayo. Ofisi moja ikanizungusha kwa saini na mihuri mpaka msimu mwingine ukaingia, na bado likitajwa jina la ofisi hiyo natafuta maji ya kunywa.

Halafu nikaingia kwenye dawa, kama huyu dada. Nilifunga kamba ya katani kuzunguka shamba, nikaning'iniza vitambaa vilivyolowekwa kwenye oili chafu na pilipili ya kusaga. Inasaidia, tembo ana pua ambayo hakuna mnyama wa kuichezea, ila mvua ikinyesha unarudia upya, na pilipili si bure. Nikachoma matofali ya kinyesi cha tembo yaliyochanganywa na pilipili: moshi wake unawakera kweli, upepo ukiwa upande wako. Ukigeuka, unaokohoa ni wewe.

Mizinga ya nyuki ndiyo mnayoiulizia zaidi kwa sababu mmeona picha. Ni kweli tembo anaogopa nyuki, wanamuuma machoni na ndani ya mkonga. Kule Kenya, Sagalla, Taita-Taveta, pembeni ya hifadhi ya Tsavo Mashariki, mtafiti Lucy King na wenzake wa shirika la Save the Elephants walitundika mizinga kila baada ya mita kumi, wakaiunganisha kwa waya; tembo akigusa waya, mizinga inacheza, nyuki wanatoka. Walipofuatilia, karibu tembo wanane kati ya kila kumi waliokaribia uzio ule walizuiwa. Na asali unavuna. Lakini mzinga mtupu haumtishi mtu. Nyuki wanataka maua, wanataka maji wakati wa kiangazi, na nyegere akiugundua mzinga wako kazi imekwisha. Kinatakiwa kichwa cha mtu anayeutazama kila wiki, na huyo mtu hayuko Mbagala.

Na hata mizinga yako ikijaa nyuki, tembo hageuki akarudi Selous. Anazunguka. Anaingia kwa mwenzako.

Nikapeleka hoja kwenye kikao cha kitongoji: tulinde kwa zamu, mashamba yote kama shamba moja. Ndipo nilipoitwa mtoto wa mjini. Mzee mmoja alisema kila mtu na riziki yake. Mwingine akasema nataka kujitafutia udiwani. Niliumia, sitadanganya, nikakaa kimya msimu mzima. Kisha mzee wa kitongoji cha jirani akauawa akielekea shambani, kabla ya jua kutoka, kwenye njia anayopita kila siku. Baada ya mazishi ni walewale walionizomea waliokuja kuniuliza ule mpango wangu ulikuwaje. Sikuwauliza kwa nini hawakuuliza mapema. Nilitaka sana kuwauliza.

Mpango wenyewe hauna siri. Madungu yanajengwa kwa mstari upande wanakotokea, yanaonana, na hakuna dungu lenye mtu mmoja. Kila kaya ina zamu, ya mjane ikibebwa na vijana. Wa dungu la kwanza akisikia matawi yanavunjika anapiga filimbi, wa pili anapokea, simu inapigwa kwa mwenyekiti na kwa askari wanyamapori wa kijiji. Kisha tunakwenda kwa ngazi. Kwanza mwanga mkali machoni, wote kwa pamoja. Akigoma, vuvuzela na madebe. Akigoma zaidi, bomu la pilipili: unga wa pilipili na mchanga ndani ya kondomu, pamoja na fataki, ikipasuka linabaki wingu ambalo hata wewe hutalisogelea. Askari waliokuja kutufundisha walisema mbinu hiyo inatumika sehemu nyingi nchini. Muuguzi wa zahanati alipoona wazee wenye ndevu nyeupe wamepanga foleni ya kondomu alifikiri dunia imegeuka. Ngazi ya mwisho ni ya askari wenyewe, si yetu. Kumuua tembo bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na tembo aliyejeruhiwa kwa mkuki atamlipiza mtoto wa mtu asiyehusika.

Tunabadilisha pia. Mbinu moja ikirudiwa kila usiku wanaizoea, na hapo kelele zako zinakuwa muziki wa kulia chakula. Na kila mara tunamwachia upande wa kutokea, upande wa porini. Tembo aliyezungukwa hana njia ila kupita juu yako.

Hapo ndipo pananitoa jasho kuliko usiku. Mchana! Tembo akikutwa mchana kijijini, kijiji chote kinakuwa kwenye harusi. Bodaboda zinamfuata, vijana wanarusha mawe, simu ziko juu zinapiga picha, akina mama wamebeba watoto mgongoni kusogea waone. Watu wanauawa hapo, kwa sababu mnyama amechoka, ana joto, na kila anapogeuka kuna kelele. Akiwa jike mwenye ndama ndiyo kabisa. Sisi tumeweka utaratibu: akionekana mchana, shule inaambiwa iwazuie watoto ndani, njia inafungwa, watu wanakaa mbali na kimya, askari wanaitwa, tunasubiri jua lizame aondoke mwenyewe. Bodaboda atakayemfukuza analipa faini kwa kijiji. Wa kwanza kulipa alikuwa mpwa wangu, na nilimtoza mbele ya watu.

Sasa nizungumze na ninyi wa simu, mnisamehe ukali.

Mstari wetu wa madungu una tundu, na tundu lenyewe ni mashamba yenu. Mnanunua ekari, mnaweka kijana mmoja kibandani, humjui mwenyekiti wa kitongoji wala yeye hakujui, hamji kikaoni, hamchangii betri. Tembo anapita kwako kwa sababu kwako hakuna filimbi, na akishapita kwako yuko katikati yetu. Unaponiuliza dawa, unaniuliza namna ya kuokoa tikiti zako huku wengine wakipambana na tembo uliyemfungulia mlango. Nimeshakuwa juu ya lile dungu la kwanza peke yangu na najua linaishia wapi.

Na zao lenyewe. Tikiti wakati wa kiangazi, pori zima limekauka, wewe una kijani kitupu na maji matamu bondeni: hapo umemwandalia. Ufuta hawaupendi. Pilipili hawaigusi. Kitongoji chetu kimekubaliana upande wa pori upandwe ufuta, mahindi na mpunga vikae ndani karibu na nyumba, na ufuta ndio huohuo unaotuletea hela ya mnada. Lakini akitokea mmoja akapanda tikiti ukingoni, ufuta wetu wote unakuwa uwanja wa kupitia, na tembo akipita kwenye ufuta haulizi kama anaupenda. Anaukanyaga. Mikorosho nayo, mabibo yakidondoka yaokotwe kila jioni, harufu yake inasafiri mbali sana.

Kwa hiyo dada yangu, wiki hii fanya haya. Tikiti zilizoiva zitolewe shambani hata kama bei bado ni ndogo. Mwambie kijana wako asilale peke yake kibandani, na asitembee gizani kabla ya alfajiri wala baada ya magharibi, hasa akitoka kunywa. Mpigie mwenyekiti wa kitongoji ujitambulishe, umwombe kijana wako aingizwe kwenye zamu. Kama hawana zamu, itisheni kikao, kwa kawaida ni baada ya swala ya Ijumaa, na uje mwenyewe badala ya kutuma mtu. Msimu ujao ondoa tikiti ukingoni.

Hela uliyotaka kutuma ya dawa, usinitumie mimi. Kila kitongoji kina mtunza hazina wake wa betri na pilipili. Wetu ni mama mmoja mkali, anaandika kwenye daftari kubwa la mistari, na hapokei ahadi.