Yule mlinzi wa lango hakuwa na jina

Ndugu Mhariri,

Mliuliza wiki iliyopita: je, michezo ya video imeifanya michezo ya kuigiza ya mezani (ile ambayo watu huketi pamoja, kila mmoja akaigiza mhusika wake, na msimamizi akasimulia yanayotokea na kuwasemea wengine wote) ipitwe na wakati? Nasema hapana, na nazipenda aina zote mbili.

Deni la michezo ya video kwa ile ya mezani halina ubishi. Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa Gary Gygax na Dave Arneson, ulitoka mwaka 1974. Ilipofika 1975, katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, tayari watu walikuwa wanauiga kwenye PLATO, mfumo wa kompyuta wa kufundishia. Mmoja wa michezo hiyo uliitwa pedit5. Ulikaa kwenye nafasi iliyotengwa kwa masomo, ukafutwa. Pointi za uhai, kupanda viwango, kuchagua uwe mpiga upanga au mchawi: ukivikuta kwenye skrini leo, ujue vilianzia kwenye karatasi na penseli. Kompyuta ilibeba hesabu, na ikatusaidia sana. Sijaona mtu anayetamani kurudi kupekua majedwali.

Lakini kuna kitu haikukibeba. Kwenye mchezo mmoja wa mezani, kundi letu lilikuwa la watu watano, tumekwama mbele ya lango la ngome. Wanne tulikuwa tunahesabu mishale. Wa tano akamuuliza mlinzi, “Kaka, mara ya mwisho kulala ni lini?” Msimamizi wa mchezo akanyamaza. Hakuwa ameandika lolote kuhusu mlinzi yule, hata jina. Akafunga daftari lake, akajibu taratibu kwa sauti ya mtu aliyechoka: siku tatu, mwanangu anaumwa. Wiki tatu zilizofuata tulizimaliza tukitafuta dawa ya mtoto huyo. Ndani ya ngome hatukuwahi kuingia.

Kwenye mchezo wa video, mlinzi ana sentensi alizoandikiwa. Zikiisha, anazirudia. Hata Baldur’s Gate 3 ya mwaka 2023, ambayo imenikeshesha usiku mwingi na ina njia nyingi kuliko nilivyotarajia, kila njia yake kuna mtu aliyeifikiria kabla yangu. Na bado wale waundaji wanastahili pongezi: kompyuta ingeweza kutoa matokeo kimyakimya, wao wakaamua tuione dadu ya pande 20, kama ile tunayoirusha mezani, ikiviringika kwenye skrini. Walijua kwamba zile sekunde mbili za kushika pumzi ni sehemu ya mchezo.

Kwa hiyo sioni uadui. Wengi ninaocheza nao walianzia kwenye skrini, na siku ya kwanza mezani huwa wanauliza swali lilelile: “Hapa naruhusiwa kufanya nini?” Msimamizi wetu huwajibu kwa swali: “Wewe unataka kufanya nini?” Wengine hukaa kimya dakika nzima. Sisi tunawasubiri.