Timu ya daraja la sita kwenye FM24: rekebisha mikataba kabla ya kugusa mfumo

Mleta mada anacheza FM24, yaani Football Manager 2024, gemu la kompyuta la kuwa kocha wa klabu. Amechukua timu ya National League South, ligi ya daraja la sita England, yuko nafasi ya 5, na mwezi wa 11 straika wake tegemeo amechukuliwa bure. Sasa anauliza abadili mfumo gani. Mkuu, mfumo uache kama ulivyo. Kinachokuumiza ni mikataba, na usipoirekebisha msimu ujao utaondokewa na mwingine.

Katika daraja hili utakuta wachezaji wengi hawajafungwa na mkataba wowote. Wanacheza, wanalipwa posho, na klabu nyingine ikiwataka inawabeba bila kukulipa hata pauni moja. Wiki ya kwanza, kabla ya mechi za kirafiki, chagua wachezaji 6 au 7 ambao ukiwakosa timu inayumba. Wape mkataba wa nusu muda wa miaka 2, na uweke kipengele cha klabu kuongeza mwaka 1 ikitaka. Waliobaki waache walivyo, maana mchezaji uliyemfunga akishuka kiwango utamlipa mpaka mwisho, au utoe pesa ya kuuvunja mkataba.

Kwenye malipo, shusha mshahara na upandishe posho ya mechi. Piga hesabu hii: mchezaji wa pauni 300 kwa wiki anakula 15,600 kwa mwaka, acheze asicheze. Mpe 150 kwa wiki na 150 kwa kila mechi. Akicheza mechi 30 atakugharimu 7,800 jumlisha 4,500, yaani 12,300. Umeokoa 3,300 kwa mtu mmoja, na akiumia miezi mitatu unaokoa zaidi. Ligi ina mechi 46, kwa hiyo kwa kipa anayecheza zote unaokoa 900 tu. Huyo mpe mshahara wa kawaida, usibishane naye. Faida kubwa iko kwa wachezaji wa akiba, yaani wa 12 hadi wa 20 kikosini.

Kipengele cha mshahara kupanda timu ikipanda daraja kifute kila unapokiona. Wachezaji 20 wa pauni 300 ni 6,000 kwa wiki. Wote wakiwa na nyongeza ya asilimia 25, siku ya kupanda bili inakuwa 7,500 kabla hujasajili mtu hata mmoja, na unaingia daraja la tano na kikosi kile kile cha daraja la sita. Wakala akikomaa, mpe bonasi ya magoli badala yake.

Usajili sasa. Mikataba mingi Uingereza inaisha tarehe 30 Juni, na hapo akademi za klabu kubwa zinaachia vijana wa miaka 18 hadi 21. Usiwakimbilie siku hiyo, bado wanataka pesa nyingi. Waite kwenye majaribio, wacheze mechi za kirafiki, skauti asome sifa zao, kisha toa ofa mwishoni mwa Julai au Agosti wakiwa bado hawana timu. Hapo bei imeshuka. Angalia kasi na mchomoko (wepesi wa kuanza mbio) kwanza, hasa kwa mawinga na straika. Mchezaji mwenye alama 13 au 14 kati ya 20 kwenye hizo mbili, hata kama pasi zake ni 6, atawasumbua mabeki wa huku. Mabeki wa kati watafute kwa kuruka na nguvu, kwa sababu kona zitakupa pointi nyingi kuliko unavyodhani.

Ukabaji wa juu dakika 90 sikushauri. Kikosi hakifanyi mazoezi kila siku, stamina ni ndogo, na baridi ikigandisha viwanja mechi huahirishwa, zikaja kurundikana Machi na Aprili. Dakika ya 65 miguu imeisha, na majeruhi wa misuli wanafuata. 4-4-2 yenye ukabaji wa wastani inatosha, na ushike mfumo mmoja, maana kwa mazoezi machache hivyo timu inachelewa kuuzoea.

FA Cup ipe kikosi kamili. Timu za daraja lako zinaanzia raundi ya pili ya mchujo, kwa hiyo ushindi mara 5 unakufikisha raundi ya tatu, wanakoingia wa Premier League. Viingilio vinagawanywa kati ya klabu mbili, hivyo omba upangiwe ugenini kwenye uwanja mkubwa. Pesa hiyo usiipeleke yote kwenye mishahara. Iombe bodi iboreshe akademi na kuongeza skauti, kwa sababu vijana wapya huja Machi kila mwaka na ubora wao unategemea ulichowekeza kabla.

Na Januari, klabu ya juu ikimtaka kijana wako uliyemfunga vizuri, usipambane sana na bei ya mwanzo. Wakitoa pauni 40,000, kubali 25,000 lakini udai asilimia 30 ya mauzo yake yajayo. Akiuzwa kwa 500,000 baada ya miaka miwili, 150,000 inaingia kwako, na kwa klabu ya ukubwa huo hiyo inaweza kulipa mishahara ya miezi kadhaa.