Jibu: Mshahara wa Oktoba haujaingia, nifanyeje?

Salama dada. Kumbe ulianza tarehe 1 Oktoba kama msaidizi wa kufundisha Kiingereza katika shule ya Ufaransa, mwezi umekwisha, akaunti tupu na mwenye nyumba anadai kodi.

Kabla ya kugombana na benki, nenda sekretarieti ya shule uulize kama procès-verbal d'installation yako ilisainiwa na kupelekwa. Hiyo ndiyo karatasi inayothibitisha kwamba umeripoti kazini, isipofika, hulipwi. Mwalimu mwenzio wa Kiingereza atakukaribisha hata kahawa, ila mambo haya mara nyingi hayajui. Yangu ilikuwa imelala mezani kwa mtu. Na usingoje: likizo ya Toussaint, mapumziko ya shule ya mwisho wa Oktoba, ni wiki mbili, ukikuta mlango umefungwa wahi siku shule inapofunguliwa.

Kisha hakiki RIB, karatasi ya benki yenye namba ya akaunti yako: jina lifanane herufi kwa herufi na la kwenye pasipoti. Sisi wenye majina matatu hapo ndipo tunapokwama.

Vyote vikiwa sawa, waandikie rectorat, ofisi ya elimu ya mkoa, uombe acompte, yaani sehemu ya mshahara mapema. Andika kwa Kifaransa, kifupi, uambatishe arrêté de nomination, yaani barua ya kuteuliwa kwako kazini. Nakala yake mpe na mwenye nyumba. Wangu alipoona ni barua ya serikali alilegea.