Mwaka wa nne ndo nikampata bata mzinga wa porini

Juzi nimeposti picha ya bata mzinga niliyempiga huku Missouri, Marekani, meseji zikamiminika, na kuna dogo yuko Iowa kaandika "kaka nipe siri, na mimi msimu ujao nataka." Dogo, siri ni moja tu na imenigharimu misimu mitatu ya aibu: tulia.

Mimi nimekulia Singida, tulikuwa tunakimbiza kanga na mbwa, wakipaa tunawafuata mti wanaotua. Sasa nilipowasikia jamaa wa kazini wanaongelea huyu ndege nikajisemea si kanga aliyenenepa tu, niachieni mimi. Huyu hakimbizwi bwana, unamwita mpaka aje mwenyewe. Pua yake si kitu lakini macho yake balaa, anaona rangi na anaona karibu pande zote.

Msimu wa pili nimeegemea mwaloni, dume linakuja, hatua kama thelathini, mkia umetanuka kama ungo, kichwa chekundu na cheupe na bluu, ndevu (manyoya marefu kama nywele) zinaning'inia kifuani, mara mbu akanitua sikioni. Nikapandisha mkono. Mkono tu jamani! Likatoa "pat!" moja ya kushtuka, shingo ikanyooka, nikabaki natazama majani. Nikaenda kusimulia kazini kama mjinga, mmoja akasema alidhani Waafrika tunazaliwa wawindaji, chumba kizima kikacheka. Mpaka leo nikipishana naye kwenye korido nakumbuka.

Msimu wa tatu nikanunua kile kiboksi cha mbao, ukisugua kifuniko kinalia kama jike, basi nikakisugua kama nasaga karanga. Dume linajibu, linajibu, halisogei. Mzee jirani yangu ndo akanifungua macho: porini jike ndo humfuata dume, ukiita sana linajua unakuja mwenyewe, linasimama kukusubiri. Ita mara mbili tatu unyamaze. Likijibu, nyamaza zaidi.

Mwaka huu, jioni ya kuamkia siku ya kuwinda, nilienda kwanza kusikiliza wanapolala, maana wanalala juu ya miti. Alfajiri gizani nikalia kama bundi (bibi yangu angenichapa, kwetu bundi haitwi makusudi) na dume likajibu palepale, halivumilii ile sauti, likaniambia lilipo. Nikakaa, nyuma yangu mti mpana kuliko mabega, uso nimefunika, glavu, bunduki juu ya goti tayari. Likashuka chini. Dakika arobaini, nimeita mara mbili tu, mguu umekufa ganzi hadi nyonga. Hatua ishirini na tano nikapiga. Karibu kilo kumi!

Lenga kichwa na shingo, sio mwili, marisau (vile vipira vidogo vya risasi) ya mwilini yanajeruhi tu ndege akafie mbali, na likiwa zaidi ya mita 35 liache lipite. Leseni na kozi ya usalama hilo unajua. Msimu wa masika (spring ya huku) ruhusa ni dume, au ndege yeyote mwenye ndevu zinazoonekana, na huku kwetu unaripoti siku hiyohiyo kabla ya saa nne usiku. Halafu usivae nyekundu, nyeupe wala bluu, ndo rangi za kichwa cha dume, mwenzako atakufyatulia.

Ila nyie vijana mnapenda vifaa. Kombati mpya za mabaka mabaka, majike bandia ya bei mbaya, halafu mnafika porini jua limeshatoka, dakika kumi mtu kashachungulia simu, mwanga usoni, na baadaye analalamika eneo halina ndege. Ndege walikuwepo, wamekuona. Mtu hawezi kukaa saa moja bila kujikuna anataka siri gani sasa? Tulia dogo. Nimeshasema.

Mapaja nimeyapika kwa nazi, yamechemka masaa matatu na bado yanabishana na meno. Mkia nimeutandaza ukutani pale kazini, juu ya meza yangu, upande ule unaotazama korido.