Komiki ya zamani imechanika: niikarabati kabla ya kuuza?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Marehemu mjomba wangu alikuwa baharia. Kwenye sanduku lake nimekuta komiki za Marvel za miaka ya sabini, ikiwemo The Incredible Hulk namba 181. Jalada limechanika kidogo mgongoni, pini zimeshika kutu, kurasa zimekuwa manjano. Nikibandika selotepu na kuweka pini mpya, bei itapanda? – F., Mombasa

Jibu: Marahaba, F., na pole kwa msiba. Hiyo selotepu irudishe dukani. Anayenunua komiki za kale halipii unadhifu. Analipia kile kilichosalia kama kilivyotoka kiwandani. Gundi ya selotepu hupenya kwenye karatasi, huacha doa la kahawia, na ukiibandua inaondoka na wino. Mchaniko mdogo ni kasoro ndogo. Mchaniko wenye selotepu ni kasoro mbili.

Pini nazo ziache. Kuzibadilisha, kupaka rangi palipochubuka au kukata kingo ili zinyooke, vyote huhesabiwa kuwa ukarabati. CGC, kampuni ya Florida inayopima hali ya komiki na kuzipa daraja tangu mwaka 2000, huweka lebo ya zambarau kwenye nakala iliyokarabatiwa, na wanunuzi wengi wakiiona lebo hiyo hushusha bei papo hapo. Binafsi naona wakati mwingine wanazidisha, lakini soko ndilo hilo.

Kabla ya yote, hesabu kurasa. Bila kuhesabu jalada, ndani ziwe 32, yaani karatasi 8 zilizokunjwa katikati. Kisha fungua ukurasa wa barua za wasomaji. Mwaka 1974 Marvel walichapa humo stempu ndogo, wakawahimiza watoto waikate na kuibandika kwenye kijitabu maalumu. Watoto wakatii! Namba 181 ndimo shujaa Wolverine anamoonekana kwa ukamilifu mara ya kwanza, kwa hiyo inatafutwa sana, na nakala ambayo stempu yake imekatwa hupoteza sehemu kubwa ya thamani hata kama jalada linang'aa. Wengi hutazama jalada tu, wakauza au kununua kwa hasara.

Stempu ikiwepo, sogea dirishani, ulaze komiki ili mwanga uipige kwa ubavu. Kando ya pini utaona vistari vifupi. Vile vyeupe ni mahali wino umevunjika, na hapo hakuna dawa. Mkunjo ambao haujavunja rangi ni jambo jingine: fundi mwenye mashine ya joto na shinikizo anaweza kuunyoosha, na kazi hiyo CGC hawaihesabu kuwa ukarabati. Usijaribu kwa pasi ya nyumbani.

Umanjano unatokana na karatasi yenyewe. Ni karatasi ya bei nafuu, ya aina ya gazeti, iliyobaki na lignini, kitu kinachoufanya mti uwe mgumu. Ikikutana na hewa, mwanga na joto hutoa asidi na kugeuka rangi. Rangi ya kurasa huandikwa kwenye lebo pembeni ya daraja, kuanzia nyeupe, nyeupe hafifu, krimu, hadi zile zinazovunjika ukizigusa. Krimu si mwisho wa dunia.

Madaraja yenyewe huanzia 0.5 hadi 10, na bei haipandi kwa hatua sawa; huko juu inaruka. Amazing Fantasy namba 15 ya 1962, anakoanzia Spider-Man, iliuzwa senti 12 ilipotoka. Nakala ya daraja la 9.6 ilinunuliwa mnadani mwaka 2021 kwa dola milioni 3.6, ilhali nakala chakavu za toleo hilohilo huishia kwenye makumi ya maelfu ya dola. Yako, kwa maelezo yako, haiko karibu na 9. Hata hivyo, ikiwa imekamilika, ina wanunuzi.

Kutuma Marekani kupimwa kunagharimu ada, usafirishaji na bima, kwa hiyo tuma hiyo 181 peke yake. Zilizobaki ziuze kwa picha safi, ukionyesha kila kasoro. Kwa sasa adui yako ni unyevu wa Pwani. Ziondoe kwenye sanduku, kila moja uiweke kwenye mfuko wa plastiki ya polipropilini pamoja na kadibodi isiyo na asidi, uzisimamishe kwenye boksi lililoinuliwa kutoka sakafuni, mbali na jua. Yenye ukungu itenge, uianike kivulini penye upepo kabla ya kuifunga.