Maswali Yenu: Sare za Kwanza za Wanamaji wa Ufaransa

Ni kweli mabaharia wa Mfalme Louis wa 14 walipigana bila sare?

Kweli. Waziri wake Colbert aliwaandikisha wavuvi na mabaharia wa pwani kwa zamu, nao walipanda manowari na nguo zao zilezile za kazini. Zikichakaa, mtu alichukua nyingine humo melini na kukatwa mshahara. Sare ya mabaharia wa kawaida ilikuja enzi za Napoleon.

Basi nani alianza?

Vijana wa kikabaila waliokuwa wakisomea uafisa: koti la buluu, bitana nyekundu, soksi nyekundu. Maafisa wenyewe waliwekewa kanuni mwaka 1764, wakati wa Waziri Choiseul. Waingereza waliwatangulia, maafisa wao walipata yao 1748.

"Maafisa wekundu" na "maafisa wa buluu" ni vikosi viwili?

La, kikosi ni kimoja. Kilichowatenganisha ni ukoo. Maafisa wa kudumu, karibu wote watoto wa makabaila, walivaa koti la buluu, lakini kizibao, suruali ya magotini na soksi vyote vilikuwa vyekundu. Vita vikizuka na maafisa wasitoshe, waliitwa manahodha wa meli za biashara. Hawa waliachiwa buluu tupu. Ukimtazama mtu miguuni, umeshajua babake ni nani! Na wekundu hawakuficha dharau yao, ingawa wenzao wa buluu walikuwa wameota mvi baharini. Kibao kiligeuka baada ya Mapinduzi ya 1789: wekundu wengi walikimbia nchi, na wa buluu wakapandishwa kujaza nafasi.

Kwa nini buluu?

Ni rangi ya ufalme wa Ufaransa. Karne ya 18 sehemu kubwa ya nili yao, mmea unaotoa rangi hiyo ya kutia nguo, ililimwa na watumwa huko Saint-Domingue, Haiti ya leo. Kwenye picha zilizochorwa za makamanda, hilo halionekani.

Na ile fulana ya milia ya mabaharia wa Ufaransa?

Hiyo ni changa, amri ya tarehe 27 Machi 1858: kiwiliwili milia 21 myeupe, kila mmoja upana mara mbili ya ule wa buluu. Kwamba 21 ni idadi ya ushindi wa Napoleon, mimi naiona porojo ya wauza fulana. Tena ilikuwa nguo ya ndani. Baharia akishavaa blauzi yake, kilichobaki kuonekana ni kipande cha shingoni.